Bweta la Kumbukumbu ya Marehemu: Chagua Lifaalo Nyumba Yako

Zamani swali hili halikuwako vijijini mwetu. Mtu alipofariki alioshwa, akavikwa, akapelekwa makaburini siku ile ile au siku ya pili yake, na jamaa wakarudi nyumbani kukaa matanga. Siku hizi watoto wetu wametawanyika. Mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine London, mwingine Toronto. Akifa mmoja huko mbali, pengine jamaa huona gharama ya kuleta maiti kwa ndege yawashinda. Pengine mume wake au mke wake ni mtu wa nchi ile mwenye desturi nyingine. Basi maiti huchomwa, na baada ya majuma machache ndugu hushuka uwanja wa ndege akiwa na kisanduku mikononi. Mama mtu hukipokea, hukipakata, wala hajui akiweke wapi.

Hapo ndipo twaulizwa: "Tununue sanduku gani la mbao, zuri, lifaalo nyumba yetu?" Swali ni jema, lakini ndani yake mna maswali mawili, na mwenye kuyachanganya hupoteza fedha na amani pia. Kuna chombo cha majivu, nacho safari yake yaishia kaburini. Tena kuna bweta la kumbukumbu, nalo ndilo likaalo nyumbani. Tuyatazame moja moja.

KANISA LASEMAJE?

Wako Wakristu wadhanio ya kuwa kuchoma maiti ni dhambi siku zote. Wako na wengine wasemao kwamba siku hizi kila jambo ni ruhusa. Wote wawili wamekosea. Tarehe 5 Julai 1963 Kanisa lilitoa maagizo kwamba kuchoma maiti si kitu kibaya chenyewe, ila kisifanywe kwa kuikana imani ya ufufuko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1176, yasema vivyo hivyo: kuzika maiti ndiko kunakosifiwa, na kuchoma hakukatazwi, isipokuwa kama mtu amekuchagua kwa sababu zilizo kinyume cha mafundisho ya Kikristu.

Lakini majivu je? Mwaka 2016 Roma ilitoa maelezo wazi. Majivu ya Mkristu yawekwe mahali patakatifu: makaburini, au kanisani, au mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Yasiwekwe sebuleni wala chumbani, ila kwa sababu kubwa isiyo ya kawaida na kwa idhini ya Askofu. Yasigawanywe kati ya jamaa. Yasimwagwe baharini wala kupeperushwa hewani. Yasitiwe katika vidani na mikufu. Desemba 2023 likaongezwa neno dogo: wakubwa wa Kanisa waweza kufikiri ombi la jamaa watakao kuhifadhi sehemu ndogo sana ya majivu mahali palipokuwa na maana katika maisha ya marehemu, mradi majivu yenyewe yako mahali patakatifu na hakuna nia yo yote iliyo kinyume cha imani. Hilo ni ombi la kupelekwa mbele ya wakubwa. Si ruhusa ya kila mtu kujichukulia.

Kwa nini ukali huu? Si kwa kuwaonea waliofiwa. Mwili uliobatizwa ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu, na majivu yake si mali ya mtu mmoja. Tuseme marehemu ameacha mama Kitope, mke London na kaka Dar es Salaam. Kila mmoja ataka kisanduku kikae kwake. Kikikaa kwa kaka, mama atahitaji nauli ya boti kila atakapo kumwombea mwanawe. Wakigombana, shemeji ataingia na kufuli. Tena kaka naye atakufa siku moja. Watoto wake watahama nyumba, na wajukuu watakikuta kisanduku uvunguni wasijue ni cha nani. Lakini kaburi la makaburini halina mlango wa mtu. Mke, mama, kaka, rafiki wa shuleni, hata mtu aliyemkosea marehemu na ataka kuomba radhi, wote waweza kusimama pale.

Twaweza kuona jambo hili kwa mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe na kujulikana dunia nzima, mwimbaji Freddie Mercury. Alizaliwa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, wa jamii ya Waparsi, akafariki London mwaka 1991, na maiti yake ikachomwa. Mahali majivu yake yalipowekwa hapakutangazwa. Yeye hakuwa mtu wa Kanisa letu, na hatuna neno juu ya jamaa zake. Lakini tazameni wageni wafikao Unguja kwa ajili yake: hupiga picha mbele ya nyumba inayosemwa kuwa alikaa, kisha huenda zao. Kaburi la kuliendea hawana. Sisi watu wa kijijini, ambao Novemba huenda makaburini kwa jembe na mishumaa, twajua hasara hiyo ni kubwa kiasi gani.

CHOMBO CHA MAJIVU

Basi chombo cha majivu kiwe cha namna gani? Kiwe safi, imara, cha heshima, wala kisiwe cha anasa. Mbao yafaa sana. Mashine za uwanja wa ndege zikaguazo mizigo huona ndani ya mbao bila taabu, bali chombo cha chuma kizito huzuia, na huzuni ya msafiri huongezwa na maswali ya walinzi. Majivu ya mtu mzima hujaza kiasi cha lita 3. Kisanduku chenye urefu wa sentimita 20, upana 15 na kina 12, kwa vipimo vya ndani, chatosha. Kifuniko kikazwe kwa skurubu kisifunguke njiani.

Kwa kuwa kitazikwa, msitafute mbao ya thamani. Mchwa hasomi bei. Ubao wowote mzima, uliopigwa randa vizuri, ukaandikwa jina na miaka, wafaa. Twasikia habari za watu waliouza mbuzi, hata shamba, wapate chombo chenye nakshi na dhahabu, na siku ya tatu chombo kikaingia ardhini, watoto wakabaki na deni. Marehemu hakupata faida yo yote. Fedha ile ingaliweza kuwa ada ya shule, au Misa ya kumwombea.

Tena, ndugu zangu, msingoje majivu yafike ndipo mwende kwa Padre. Nendeni mapema. Mwambieni jamaa aliyeko huko alete cheti cha kifo na hati ya kuchomwa maiti, na kama Misa ya mazishi ilifanywa huko, barua ya parokia ile. Sisi makarani twahitaji habari hizo ili kuandika jina katika kitabu cha marehemu. Jina lililoandikwa pale mjukuu wa mjukuu aweza kuliona.

MSALABA WA MKUNAZINI

Kabla ya kulijia bweta la nyumbani, nataka kuwaonyesha kumbukumbu moja ya mbao iliyoko hapa hapa Mji Mkongwe. Yatufundisha kazi ya mbao ni nini mbele ya kifo.

Katika kanisa kuu la wenzetu Waanglikana, Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna msalaba wa mbao. Watalii wengi hupita wasiutambue. Mbao zake zilitoka katika mti uliokuwa mbali sana, kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Dr. Livingstone alifia pale Mei 1873. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, waliutoa moyo wake, wakautia katika kopo la bati, wakauzika chini ya mti ule. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisioni huko India, alisoma sala za maziko na kuchonga maandishi katika gamba la mti. Kisha mwili waliukausha kwa jua, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakauchukua mabegani kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, kwenye misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Walifika Februari 1874. Kutoka hapo ukavushwa mpaka Unguja, ukapelekwa Uingereza, ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Hatusemi ya kwamba kutenga moyo na mwili kuwe kanuni. Safari ile ndiyo iliyowalazimisha. Lakini angalieni: moyo ulipewa udongo, na mwili ulipewa udongo. Kilichobaki cha kutazamwa na kuguswa ni mti. Mti ule ulikuwapo, ulishuhudia. Ndiyo maana mbao zake zilifanywa msalaba, na msalaba ukatundikwa mahali pa sala. Hakuna aliyehitaji kutia majivu ndani yake ili uwe na maana.

BWETA LA NYUMBANI

Sasa twaja kwenye nyumba yako. Pwani yetu ilikuwa na bweta tangu zamani: kisanduku cha mbao chenye kifuniko, cha kuwekea vitu vya thamani. Mkubwa wake ni kasha la Zanzibar, lenye misumari ya shaba na visaraka vya siri, ambalo bibi arusi alihamia nalo kwa mumewe. Hatuhitaji kuiga vyombo vya Ulaya. Tunacho cha kwetu, na mafundi tunao.

Jambo la kwanza ni mbao yenyewe. Kabla hujaenda dukani, tazama kwako. Je, marehemu alipanda mfenesi ulioanguka kwa upepo? Kuna ubao wa kitanda chake, au wa mlango wa nyumba yake ya kwanza, au wa mashua aliyovulia? Mpelekee fundi. Ubao uliomjua marehemu wapita ubao wa duka, hata kama una alama ya msumari.

Kama hakuna, basi chagua hivi. Msaji una mafuta yake wenyewe, hauogopi maji wala mchwa upesi. Milango mingi ya Mji Mkongwe ni ya mti huo. Mvule wa bara nao ni mgumu kwa mchwa. Mninga hukubali patasi, tena ukisha kukauka haupindiki ovyo, kwa hiyo wafaa kuchongwa nakshi. Mfenesi ni wetu wa shambani. Ukiwa mpya ni wa manjano, na kadiri miaka ipitavyo hugeuka rangi ya asali nzito. Mkangazi ni mwekundu na wapendeza, ila usiuweke mahali pa unyevu. Mpingo ni mzito na ghali. Wafaa kwa msalaba mdogo wa juu ya kifuniko. Ubao wa mwembe ujihadhari nao, maana hubunguliwa upesi usipotiwa dawa.

Hata mti mzuri una sehemu mbaya. Ile nyeupe iliyo karibu na gamba ndiyo chakula cha wadudu. Mwambie fundi akukatie katika moyo wa mti. Muulize pia ubao ulipasuliwa lini. Ubao mbichi hutengenezwa leo ukapendeza, na kaskazi ikivuma kifuniko hupinda kama kigae. Ugonge kwa kidole: mkavu hulia, mbichi hunyamaza. Pindua bweta utazame chini yake. Ukiona vitundu na unga mwembamba, rudisha.

Jambo la pili ni kazi ya fundi. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Pembe za bweta ziwe zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana, zisiwe zimegongwa misumari tu. Bawaba na skurubu ziwe za shaba, maana hewa ya chumvi hula chuma, na kutu huchafua mbao na karatasi. Juu yake pakwa nta ya nyuki kuliko vanishi nzito. Vanishi hupasuka, nta waweza kuipaka tena mwenyewe kila mwaka.

Jambo la tatu ni ukubwa. Wengi hununua bweta dogo la kupendeza, kisha wakalazimika kukunja cheti mara nne mpaka kikakatika. Urefu wa ndani uwe sentimita 35, upana 25, kina 15. Hapo vyeti vitalala bila kukunjwa, na rozari na kitabu cha sala vitapata nafasi.

Jambo la nne ni nakshi. Jina, miaka na msalaba vyatosha. Ukitaka zaidi, mafundi wa Unguja wana alama za milango walizorithi: samaki, mtende, mnyororo, mawimbi, yungiyungi. Mbili kati ya hizo zina maana kwetu pia. Samaki ilikuwa alama ya siri ya Wakristu wa kwanza, na tawi la mtende ni alama ya ushindi wa mashahidi wa dini. Basi fundi Mwislamu aweza kukuchongea samaki wa babu zake, nawe ukamsoma kwa imani yako, bila mmoja wenu kumkosea mwenzake.

Jambo la tano ni mahali. Katika nyumba ya mawe ya mjini kuta hunyonya unyevu. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya bweta na ukuta. Katika nyumba ya udongo adui ni mchwa. Usiliweke chini wala kulibana ukutani, liweke juu ya meza au rafu, na kila juma tazama kama njia za udongo hazipandi. Lisiwe karibu na jiko, wala chini ya paa livujalo. Pafaapo kupita pote ni karibu na picha takatifu, pale jamaa wanaposalia jioni.

YA KUTIWA NDANI

Kilichomo ndicho kilichompa bweta kazi. Tieni picha ya marehemu iliyoandikwa nyuma jina na mwaka, maana picha isiyo na jina hufa mara ya pili. Tieni rozari yake, kitabu chake cha sala, cheti cha ubatizo na cha ndoa, barua mbili tatu za mkono wake. Tieni karatasi yenye tarehe za kufa za jamaa wote, ili mjue siku ya kuomba Misa. Mtu aliyezikwa ng'ambo, andikeni kaburi lake liko mji gani na makaburi gani.

Msidhani kitu kidogo hakina uzito. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaolewa na Mjerumani aitwaye Ruete. Alikaa ugenini zaidi ya nusu karne. Alipofariki mwaka 1924, katika vitu vyake kilionekana kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, nacho kikazikwa pamoja naye Hamburg. Binti wa mfalme, na hazina yake ni mchanga ambao mtoto wa mvuvi aukanyaga kila siku.

Mama aliyezikiwa mwanawe mbali, asiweze kufika kaburini hata mara moja, atapata faraja kubwa katika vitu kama hivyo. Akamate rozari ile ile aliyoikamata mwanawe, asali. Hilo ni halali na ni jema. Lakini tujihadhari na mengine. Bweta lisiwekewe chakula. Lisipigiwe ramli, lisifanywe hirizi ya kuzuia wezi. Wala mtu asifiche ndani yake majivu kidogo kwa siri, akisema Padre hataona. Marehemu ahitaji sala zetu, hahitaji kufichwa.

Fungueni bweta walau mara moja kwa mwaka, siku ya kufa kwake au tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote. Chagueni siku ya jua, karatasi zipate hewa. Waacheni watoto washike vitu kwa mikono safi, na mkubwa awaambie: huyu ndiye babu yenu, alivua changu, alikuwa mkali, lakini hakumnyima mtu maji. Salini fungu la rozari, kisha kama makaburi yako karibu, chukueni jembe mwende mkapalilie.

Na wewe ambaye leo una kisanduku kabatini, umekiweka tangu mwaka juzi kwa kuwa hukuweza kuachana nacho, usione haya. Hakuna atakayekukemea. Njoo ofisini, tutakupeleka kwa Padre, nanyi mtachagua siku. Jamaa wataitwa, kaburi dogo litachimbwa, jina litaandikwa kitabuni. Siku ile ile mwite fundi seremala, umpe kipimo cha bweta.